Siku Dobi Alipomvua Nguo Ngamia

Ukutani mwa sebule ya dobi palikuwa na picha moja tu ya harusi, na kila mgeni aliyeitazama aliondoka akiamini kwamba mwenye nyumba ni kinyozi.

Picha yenyewe ilikuwa safi. Bibi harusi yuko katikati, anacheza, amecheka mpaka magego yanaonekana. Aliyemshika mkono ni kinyozi wa mtaani, nywele zimelazwa kwa mafuta, kifua mbele, kama mtu aliyezaliwa kwa ajili ya kupigwa picha. Na bwana harusi? Yumo, ukimtafuta. Yuko pembeni kabisa upande wa kushoto, fremu imemkata nusu, amekumbatia rundo la vitambaa vya meza na anakimbia.

Ilikuwa hivi. Wimbo wa maharusi ulikuwa ndio kwanza umeanza, uwanjani, watu wamefanya duara, tone moja la mvua likamdondokea bwana harusi juu ya pua. Mtu mwingine angejifuta. Yeye alikuwa dobi, mtoto wa dobi, na kwake tone la mvua halikuwa maji, lilikuwa amri. Akakiachia kiuno cha bibi harusi, akapiga yowe, "Anueni!", akaanza kung'oa vitambaa mezani, sahani zikiruka huku na huku. Bibi harusi akabaki katikati ya duara, mikono hewani, kama anayepimwa gauni. Kinyozi akaona haya kwa niaba ya watu wote, akaingia, akaumalizia wimbo. Mpiga picha naye akabonyeza wakati uleule.

Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita dobi Anua. Mkewe, ambaye baadaye aliitwa Mama Pacha kwa sababu aliwapata wawili kwa mpigo, hakuwahi kugomba juu ya jambo lile. Aliitundika tu picha mahali ambapo mumewe angeiona kila anapokula.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili mbele na ua nyuma, na ua wote ulikuwa kamba. Kamba za shuka, kamba za mashati, na kamba fupi ya nguo za ndani iliyofichwa nyuma ya choo kwa heshima ya wateja. Ukitaka kwenda bafuni ilibidi uiname kama anayeingia pangoni. Na katika nyumba hiyo neno moja lilikuwa na nguvu kuliko "moto" na kuliko "mwizi". Mtu akipaza tu "Anua!", pacha walitupa kalamu, Mama Pacha aliuacha mchuzi uungue, na dobi aliruka kutoka popote alipokuwa, siku moja hata kutoka bafuni, amevaa povu tu. Hakuna aliyeuliza mvua iko wapi. Miguu ilitangulia, akili ikafuata nyuma ikihema.

Basi siku moja kabla ya sikukuu, wakila, Mama Pacha aliweka kijiko chini.

"Baba Pacha, kesho tunatoka. Mimi na wewe. Watoto wanakwenda kwa shangazi yao."

"Tunatoka kwenda wapi?"

"Asubuhi kwenye wanyama. Mchana kwenye dansi."

Wanyama aliwaelewa. Pacha walikuwa wamepelekwa na shule yao kwenye bustani ya wanyama wa ajabu, na tangu warudi hapakuwa na mazungumzo mengine mezani ila ngamia wa nundu mbili. Dansi ndiyo ambayo hakuielewa.

"Dansi na nani?"

"Na mume wangu, akipatikana." Akaielekeza picha kwa kidevu. "Nataka wimbo mmoja. Mmoja tu, mwanzo mpaka mwisho. Nimeshasema na mpiga picha wa ukumbini. Wimbo ukikaribia kwisha atatupiga, na hiyo ndiyo itakayokaa ukutani. Kesho, siku nzima, hugusi nguo isiyo mwilini mwako. Kwa kuwa nakujua, nakupa kosa moja. Ukifanya la pili, kinyozi anabaki hapo ukutani mpaka wajukuu wetu wamwite babu."

Dobi alimtazama kinyozi ukutani. Kinyozi alionekana kama anayekubali.

Hapa wapo watakaosema huu ni upuuzi. Ni upuuzi, kweli. Lakini mtu anayefua uchafu wa mtaa mzima juma zima, anayewajua wakubwa wote kwa harufu ya kola zao, ana haki ya siku moja ya upuuzi mtupu. Haki, si hisani, na haiombwi kwa kupiga magoti. Dunia inayomnyima siku hiyo ndiyo iliyo chafu, tena kwa uchafu usiotoka kwa sabuni yoyote. Haya, tuendelee.

Sikukuu ikaamka na mvua. Si mvua ya kutisha, ni ile ya kuchokoza: inanyunya, inakoma, inajificha nyuma ya paa, inarudi. Dobi alikaa kitandani akiusikiliza ua. Kamba zote zilikuwa tupu, alizihakikisha mwenyewe jana yake, lakini magoti yake hayakuwa na habari hiyo. Yalikuwa yanarukaruka chini ya shuka.

"Yatulize," alisema Mama Pacha, ambaye tayari alikuwa ndani ya gauni la kijani, anatafuta hereni.

"Nayatuliza. Hayasikii."

Hodi ikapigwa. Alikuwa kinyozi mwenyewe, mwavuli mkononi, na chini ya kwapa furushi la taulo.

"Anua, ndugu yangu. Taulo tu. Kesho mteja akija nimfute na nini, gazeti?"

Mkono wa dobi ulikuwa umeshanyooka kabla hajajua. Mama Pacha akaupiga kofi dogo, ukarudi.

"Leo tumefunga, shemeji," alisema. "Mfute na shati lako."

"Ala! Kwani mnakwenda wapi?"

"Dansini."

Kinyozi alimtazama dobi kuanzia viatu mpaka kichwa, kisha akacheka mpaka mwavuli ukatikisika ukawanyunyizia wote. "Huyu? Shemeji, nitakuja. Mtu wa kumalizia asikose kuwepo." Akaondoka na furushi lake, akisema kwa sauti ya kusikika kwamba atafua mwenyewe, kwani kufua ni nini, ni maji na sabuni tu.

Dobi aliumia. Lakini alivaa koti lake la harusi, ambalo bado lilimtosha upande mmoja, wakatoka.

Bustani ya wanyama wa ajabu ilikuwa nyuma ya kituo cha mabasi, imezungushiwa mabati. Mtunza wanyama aliwapokea getini, amevaa mabuti ya mpira mpaka magotini, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu ambaye hajaona mgeni tangu kulipokucha.

"Karibuni! Leo mmepata bahati, hakuna foleni."

Hakukuwa na foleni, na ilikuwa kama hakuna wanyama pia. Mvua ilikuwa imewafukuza wote ndani ya mashimo na vibanda vyao. Mtunza wanyama hakujali. Aliwapeleka kutoka ua hadi ua, akieleza.

"Hapa ni muhanga. Ana masikio ya punda, pua ya nguruwe na mkia wa kangaruu. Anakula mchwa."

"Yuko wapi?" aliuliza Mama Pacha.

"Shimoni. Lakini mkia mnauona pale."

"Ule si mzizi?"

Mtunza wanyama aliinama, akachungulia kwa makini. "Ni mzizi," alikubali. "Ila mkia wake unafanana kabisa na huo."

Kwa kakakuona walikuta kitu cha mviringo chenye magamba, kimelala katikati ya nyasi kama tunda kubwa lililoanguka. Kilikuwa kimejikunja. "Akishtuka hujikunja," alisema mtunza wanyama kwa fahari. "Hapo anawaogopa sana. Ni heshima hiyo." Wakakisubiri kijikunjue. Hakikujikunjua. Mama Pacha akakiaga kwa adabu, wakaendelea.

Lama, jamaa wa ngamia asiye na nundu, angalau alikuwa nje, shingo ndefu, nywele za kwenye paji zimemfunika macho. Dobi akasema kwamba huyo anahitaji kinyozi. Lama akamtemea mate. Yalitua kwenye ukosi wa koti la harusi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo dobi alifurahi kweli, kwa sababu hilo koti lilikuwa mwilini mwake na alikuwa na ruhusa ya kulisugua. Alilisugua mpaka Mama Pacha akamvuta mkono.

Walikuwa wamebakiza ngamia. Njia ilikata kona, na baada ya kona palikuwa na uzio wa mbao uliofika kifuani. Mvua, iliyokuwa imekoma kidogo, ikashuka kwa ghafla, manyunyu mazito. Na dobi akaona, juu ya uzio ule, blanketi jekundu. Blanketi zuri la sufu, zito, limetandazwa hapo hadharani, linaanza kuloa.

Tuseme ukweli, alipigana. Mama Pacha mwenyewe alishuhudia baadaye kwamba alimwona mumewe akiukamata mkono wake wa kulia kwa mkono wake wa kushoto. Lakini mkono wa kushoto nao ulikuwa wa dobi. Yote miwili ikaenda. Akaruka, akalishika blanketi kwenye pindo, akavuta. Blanketi halikuja.

"Nani kafunga kamba huku?" alifoka, akaweka mguu kwenye uzio, akavuta kwa nguvu zake zote.

Kamba ikakatika. Blanketi likaja lote. Na chini yake palikuwa na nundu mbili zenye manyoya yaliyonyonyoka nusu, na kutoka mwisho wa nundu hizo ukainuka, polepole, uso mrefu wenye kope kama za bibi harusi, ukamtazama.

Ngamia alitoa sauti ya mlango wa zamani unaofunguliwa kwa hasira.

Dobi akakimbia. Ngamia, aliyekuwa amelala, akainuka akamfuata upande wake wa uzio, anakoroma, midomo inamfuata dobi begani. Na jambo lililomfanya mtunza wanyama asahau kukasirika ni hili: mtu yule alikuwa anakimbia huku anakunja. Kwanza mara mbili, kisha mara nne, pembe kwa pembe, akilipangusa blanketi kwa kiganja kila baada ya mkunjo. Alipofika mwisho wa uzio lilikuwa limekunjwa kama la dukani.

"Bwana!" alilia mtunza wanyama. "Umemvua nguo mnyama wangu!"

"Nilidhani imeanikwa."

"Imeanikwa juu ya nini?"

Dobi alifikiri. "Juu ya vilima viwili."

"Yuko kwenye kunyonyoka manyoya! Ana baridi! Na ana aibu, huyu, hapendi kuonekana hivyo!"

Ilibidi avalishwe upya. Lakini dobi hakuruhusiwa kugusa nguo, kwa hiyo Mama Pacha, gauni la kijani limekunjwa mpaka magotini, alipanda juu ya ndoo na kumtandika ngamia blanketi, na dobi akashika kamba ya hatamu, ngamia akimtafuna ukosi ule uliotemewa na lama. Mama Pacha akakaza fundo la mwisho, akashuka.

"Moja," alisema.

"Hiyo haihesabiki, Mama Pacha! Sikujua kama imevaliwa!"

"Imehesabiwa."

Kisha akageuka haraka kuelekea ndoo. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Dobi alidhani analia, mpaka akasikia mkoromo, na kumbe mtunza wanyama naye alikuwa ameegemea uzio, machozi yanamtoka, anashindwa kupumua. Wakacheka wote watatu mpaka kakakuona, kule nyuma, akajikunjua kuja kuona kuna nini. Kwa hiyo walimwona.

Adhuhuri jua likatoka. Likatoka kwa nguvu, kama linaloomba radhi, na barabara zikaanza kufuka mvuke. Walikunywa chai kwenye mgahawa mmoja mdogo, koti la dobi likikauka mwilini mwake, ukosi umetafunwa. Kisha wakashika njia ya ukumbini.

Ukumbi wa dansi ulikuwa jengo refu la bati lenye milango mipana miwili, na milango yote ilikuwa wazi. Bendi ilikuwa inafunga nyuzi. Mpiga picha alimpungia Mama Pacha mkono, ishara kwamba anakumbuka. Na ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na mlango mkubwa, kilikuwa kibanda cha kinyozi. Mbele ya kibanda, kutoka kwenye nguzo hadi kwenye nguzo nyingine, palikuwa na kamba, na kwenye kamba taulo.

Dobi alisimama mlangoni kama aliyeona ajali.

Taulo zilikuwa zimeanikwa mbilimbili kwenye kibanio kimoja. Nyingine hazikuwa na kibanio kabisa. Povu lilikuwa bado linachuruzika. Moja ilikuwa imeanikwa juu ya nyingine, na ile ya chini ilikuwa imeshakata tamaa.

"Umeona?" alisema kinyozi, aliyekuja na viatu vinavyong'aa mpaka vinaonyesha sura. "Nimefua mwenyewe. Dakika chache tu. Nilidhani hii kazi yenu ni ngumu, kumbe mnatuzuga."

"Povu halijatoka," alisema dobi kwa sauti ya mgonjwa.

"Litatoka na jua."

"Povu halitoki na jua!"

"Baba Pacha," alisema mkewe. "Nitazame mimi."

Akamtazama yeye. Bendi ikaanza. Gitaa lilitangulia, polepole, likafuatwa na ngoma, kisha tarumbeta, na Mama Pacha akainua mikono yake miwili vilevile kama ile siku. Dobi akaingia ndani ya mikono hiyo.

Hakujua kucheza. Hilo liko wazi. Lakini alijua kusuuza, na alijua kukamua, na mwili wake ulichukua hayo mawili ukayapeleka kwenye muziki: kushoto, kulia, chini, pinda. Watu wa karibu wakaanza kumpisha, kisha kumtazama, kisha wawili watatu wakaanza kumwiga. Mama Pacha alikuwa anacheka mpaka magego yanaonekana. Wimbo ukafika katikati. Ukapita katikati.

Halafu kukawa giza kidogo mlangoni, na juu ya bati, tone. Likafuatwa na lingine.

Dobi alilisikia kila moja. Akauma mdomo. Akafumba macho. Akaiagiza miguu, akaisihi, akaitukana, na ajabu ya Mungu, miguu ikasikia. Ilibaki pale pale, inasuuza, inakamua. Mikono nayo ilibaki. Alikuwa ameshinda! Kila kiungo chake kilikuwa kimetii, kasoro kimoja ambacho hakukikumbuka kukionya, nacho kilikuwa mdomo.

"Anuaaa!" ulipaza.

Na Mama Pacha akamwachia, akakusanya gauni, akatoka mlangoni kama risasi.

Dobi akabaki katikati ya ukumbi. Mikono yake ilikuwa hewani. Watu wamefanya duara, wanamtazama, na wimbo unaendelea, na pale mbele yake, mahali alipokuwa mkewe, palikuwa na nafasi tupu yenye harufu ya mafuta ya nywele za mkewe. Dobi alisimama hivyo, akaijua ile picha ya ukutani kwa upande ambao hakuwahi kuuona. Haikuwa ya kuchekesha hata kidogo.

"Usijali, ndugu yangu," alisema kinyozi, akijitokeza na mikono wazi. "Kumalizia ndiyo kazi yangu." Na kwa kweli alimshika dobi kiuno.

Dobi akajichomoa, akakimbilia nje.

Mama Pacha alikuwa kwenye kamba ya kinyozi, amebana vibanio kwa meno, taulo mbili begani, anaivuta ya tatu. Mvua ilikuwa imemmwagikia. Alimwona mumewe anavuka barabara, na hapo ndipo akili yake, iliyokuwa nyuma inahema, ilipomfikia. Akatema vibanio.

"Usiseme kitu," alisema.

"Sijasema."

"Ni wewe uliyeita!"

"Ni mimi."

"Miaka yote nakulaumu, na mimi miguu yangu ni hiyohiyo." Akatazama taulo mikononi mwake kama asiyejua zilikotoka. "Na wimbo unakwisha, Baba Pacha."

Ulikuwa unakwisha kweli. Tarumbeta lilikuwa linapanda kule ndani kwa mara ya mwisho. Na mvua sasa haikuwa ya kuchokoza tena, ilikuwa inamimina, na kwenye kamba taulo zilikuwa zimebaki nyingi, nyeupe, zinaloa, zinalemea, zinashuka kuelekea kwenye matope. Dobi alizitazama. Kila mshipa uliokuwa umerithiwa kwa baba yake ulimwambia: nyoosha mkono.

Alinyoosha. Akamtoa mkewe taulo begani moja baada ya nyingine kwa ncha za vidole, akazirudisha kwenye kamba, huko mvuani, ziloe, na hilo Mama Pacha hakulihesabu. Kisha akamshika kiuno.

Wakacheza barabarani. Gauni la kijani limegandamana, koti la harusi linatoa maji na harufu ya ngamia, wanasuuza, wanakamua, wanapinda. Watu walijaa mlangoni wakipiga makofi kwa mdundo. Mpiga picha naye alikuwa ameambiwa apige wimbo ukikaribia kwisha, na hakuna aliyesema ni lazima iwe chini ya bati. Akamkabidhi mtu mwavuli amshikie, akapiga.

"Taulo zangu!" alilia kinyozi, akiwapita mbio na viatu vyake vya kung'aa. "Jamani, taulo zangu! Anua! We Anua!"

Lakini Anua alikuwa na shughuli. Aliucheza wimbo mpaka kwenye pigo la mwisho la ngoma, na baada ya hapo, kwa kuwa hakuna aliyemkataza, akaendelea kidogo.

Kesho yake kinyozi alileta taulo zote, zina matope, akaziweka mlangoni bila neno hata moja kuhusu wepesi wa kazi ya watu. Koti la harusi lilifuliwa mara tatu na harufu ya ngamia haikutoka, na dobi hakuwahi kukiri hilo mbele ya mteja.

Picha mpya iko ukutani. Imepinda kidogo, mvua imeweka michirizi, lakini wote wawili wameonekana vizuri, katikati, wanacheka. Pembeni kabisa upande wa kushoto, fremu imemkata nusu, yuko mtu mwenye viatu vizuri amekumbatia rundo la taulo na anakimbia. Kila mgeni anayeitazama anaondoka akiamini kwamba dobi ni yule.